Simbilisi wa Athumani na Pazia la Kanga

Vijana wa idara, siku mliyoniaga nikistaafu mlinitaka niseme maneno machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto. Yaliyobaki nayaandika hapa. Sitaeleza vyeo, maana nilipata kimoja na kilichelewa. Nitaeleza kazi, na zaidi nitamweleza mgonjwa mmoja ambaye hakuwa ng'ombe wala mbuzi wala punda. Watu wa kijiji cha Mpemba wakiniona hadi leo huniulizia habari zake. Ng'ombe niliowaokoa hakuna anayewaulizia.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru, kwenye josho moja la huku Mbozi. Siku ya kwanza nilivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi. Mzee Mwashilindi, aliyepangiwa kunifundisha, aliitazama akauliza kama nimekuja kuogesha ng'ombe au kuoa. Kufikia saa nne ndama mmoja aligoma kuingia kwenye dawa, mimi nikaingia badala yake. Mzee alinivuta kwa ukosi, akanisimamisha juani nikauke pamoja na mifugo, kisha akasema jambo la maana: "Hapa sasa kupe hawakugusi mwezi mzima. Tuendelee."

Huyo mzee hakusoma sana, na vitabu nilivyokuwa navyo mimi, ambavyo nilivinunua kimoja kimoja na kujifundisha jioni, alivipenda kwa sababu vilizuia mlango usipigwe na upepo. Lakini alinipa kanuni mbili ambazo nimezitumia mpaka mwisho. Ya kwanza: kipimajoto kifungwe uzi, na uzi ufungwe kibanio cha nguo, na kibanio kibane manyoya ya mkia. Kabla yangu kulikuwa na msaidizi aliyepuuza uzi. Ng'ombe alishtuka, akatoka mbio na kundi la mfanyabiashara, na kipimajoto cha serikali kikavuka mpaka kwenda Zambia bila kibali, kikiwa ndani ya ng'ombe. Ya pili: usitoe dawa kabla hujauliza mnyama amekula nini. "Hata kama amevunjika mguu?" niliuliza. "Hata hapo," alisema. "Labda alikuwa anakimbilia chakula."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Koleo la kuhasi, ambalo wanaume wa kijiji walilitazama kwa heshima wakiwa mbali. Kamba ya katani. Bomba la sindano la kioo, nene kama gunzi la mahindi, ambalo lazima lichemshwe kwenye sufuria kila baada ya kazi. Mke wangu Sekela alikuwa na sufuria tatu, na alinionyesha kwa kidole ile moja ambayo, nikiigusa nyingine yoyote, ningekula kwa majirani.

Wakati wa vijiji vya ujamaa nilihamishiwa Mpemba, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje la udongo, na stoo ya dawa za josho. Sekela alifundisha shule ya msingi. Malori yalipita mchana kutwa kwenda Zambia na kurudi, na madereva walisimama kwangu kuomba maji ya rejeta. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Athumani, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye sauti ya kuadhini, aliyeendesha lori la mizigo peke yake.

Siku moja alipiga hodi kabla jua halijakaza.

"Bwana Mifugo, nina mgonjwa."

"Mlete."

"Yupo kiti cha mbele."

Nilidhani anatania. Alirudi amebeba jaketi mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani ya jaketi kulikuwa na simbilisi, yule mnyama mdogo kama panya mnene asiye na mkia, rangi ya kahawia na nyeupe, manyoya yamesimama, macho nusu.

"Huyu ni simbilisi," nilisema.

"Namjua. Jina lake Utingo."

"Athumani, huku watu wanakula hawa."

Alinitazama kama nimemwambia kwamba huku watu wanakula mabaharia.

Nikaambiwa kisa chote nikiwa nimesimama mlangoni. Utingo wake wa kwanza, yaani msaidizi wa lori aliye binadamu, alikuwa amemtoroka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia. Wiki hiyohiyo Athumani alimvuta mkulima mmoja wa kahawa kutoka kwenye tope, na mkulima akamshukuru kwa kumpa simbilisi mnono. Mkulima alikuwa amempa kitoweo. Athumani, ambaye Tanga hakuwahi kumwona mnyama huyo, aliamini amepewa mwenzake wa safari. Akamweka kiti cha mbele.

"Sasa sikia," alisema, na sauti ile kubwa ikapungua. "Kabla ya huyu nilishasinzia mara mbili kwenye usukani. Mara ya pili niliamka nikiwa nimesimama ukingoni, gurudumu moja lipo hewani. Huyu nikinyamaza tu kidogo, analia. Wii! wii! Mpaka niimbe. Bila huyu mimi siendi tena na lori lolote. Leo lazima nivuke, mzigo unasubiriwa. Nikirudi nikute yu hai. Nikikuta hayupo, lori nitaliacha hapa kwako, narudi Tanga kuuza nazi."

Aliweka chini mfuko wa karatasi, akasema ni posho ya Utingo, akapanda lori lake akaondoka. Mimi nikabaki na mgonjwa mwepesi kuliko kiatu changu.

Nilimpima kwa utaratibu. Hatembei. Ukimgusa magoti analia. Mate yanamtoka, na ufizi umevimba. Nilifungua kitabu changu kikubwa cha magonjwa ya mifugo. Kulikuwa na sura ya ngamia. Simbilisi hakuwemo. Nilishika chupa ya dawa ya sindano, nikaanza kugawanya kipimo cha ng'ombe kwa uzito wa simbilisi, na jibu lililotoka lilikuwa dogo kuliko tone linalobaki kwenye ncha ya sindano. Nikairudisha chupa. Mnyama huyu huku kwetu huishi jikoni, penye joto la majivu, nikamweka humo ndani ya kikapu chenye nyasi kavu. Kisha nikaenda joshoni, maana ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe wa kijiji.

Sekela hakuwepo. Alikuwa ameondoka jana yake kwenda semina ya walimu Mbeya hadi mwisho wa juma. Hili mlikumbuke.

Niliporudi adhuhuri niliona moshi ukitoka jikoni. Mlangoni pa nyumba kulikuwa na mwavuli mweusi na mzigo wa ndizi uliofungwa kwa kamba ya mgomba, kwa fundo ambalo nililijua. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Ibaba, kwao Sekela. Alikuwa ametuma habari mapema kwa msafiri, na msafiri huyo sijamwona hadi leo.

Wenzangu mliotoka mbali na milima hii inabidi niwaeleze. Kwao mke wangu, na kwetu pia, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaingii chumba kimoja, wala hawasemeshani. Neno hupita kwa mtu wa tatu, aghalabu mke. Ni heshima, na ni heshima nzuri, ilimradi mtu wa tatu awepo.

Mtu wa tatu alikuwa Mbeya. Na ndani ya jiko nilisikia kisu kikinolewa kwenye jiwe.

Nilielewa mara moja. Mama alikuta nyumba tupu, akakuta jikoni simbilisi amelazwa kwenye kikapu kizuri, juu ya nyasi safi, pembeni ya moto. Kwao Ibaba maana ya jambo hilo ni moja tu: mkwe ana adabu, amemwandalia mgeni. Na mama mwenye adabu pia, akijua binti yake hayupo, angemwondolea mkwe usumbufu wa kuchinja.

Sikuweza kuingia. Sikuweza kumwita. Nilisimama nje ya ukuta wa jiko, nikatafuta nani mwingine ndani mle ninayeruhusiwa kumsemesha, nikampata.

"Wewe Utingo!" nilisema kwa sauti ya mkutano wa kijiji. "Nakutangazia kwamba wewe ni mgonjwa wa serikali! Nyama yako haijakaguliwa, na mimi ndiye mkaguzi wa nyama wa kata hii, na naikataa! Mtu yeyote asikuchinje!"

Kisu kikanyamaza. Kisha sauti ya mama, ambayo katika ndoa yangu yote nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, ikasema, taratibu, kwa lafudhi ya Kindali, lugha ya kwao:

"Wewe kapanya. Hebu muulize huyo baba aliye nje, kama unaumwa, kwa nini amekulaza karibu na chungu?"

"Utingo, mjibu mama huyo kwamba nilikuwekea joto."

"Kapanya, mwambie nimesikia. Mwambie pia nimetembea mlima na bonde tangu jana, na maji ya kuchemshia yameshapata moto."

"Utingo, mwambie mama huyo kuna mayai kwenye mtungi."

"Kapanya, mwambie aliyeyaweka kwamba mawili yana vifaranga."

Basi ndivyo tulivyoanza. Nilihamia stoo ya dawa, nikamwachia nyumba. Kwenye mlango wa jiko mama alitundika kanga ya Sekela ikawa pazia, na kikapu cha mgonjwa kikawekwa kizingitini chini ya pazia, nusu kwake nusu kwangu. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda, yeye ndani kwenye kigoda chake. Niliona mikono yake tu. Ilikuwa mikono ya mtu aliyefuga simbilisi maisha yake yote. Alimzungushia kitambaa akabaki kichwa tu, mgonjwa asiweze kujitikisa. Mimi nilichukua bomba la sindano la kioo, nikaondoa sindano, nikavuta uji mwepesi, nikapitisha mkono chini ya pazia na kumtilia pembeni mwa mdomo, polepole, asipaliwe. Tone, ameze. Tone, ameze.

"Kapanya, muulize daktari wako wa ng'ombe mbona uji unaingia masikioni."

"Utingo, mwambie nimezoea midomo mikubwa."

Jirani yetu Mwampashi, fundi baiskeli, alipita akanikuta nikilibembeleza pazia. Alisimama, akatazama, akasema, "Shikamoo kanga," akaenda zake. Kufikia jioni Mpemba nzima ilikuwa na habari kwamba Bwana Mifugo anamlisha mama mkwe wake kwa bomba la sindano.

Asubuhi iliyofuata mgonjwa alikuwa na hali mbaya zaidi. Hakulia hata alipoguswa magoti. Uji ulitoka upande ule ule ulioingilia. Na jambo lililotutia hofu sote wawili ni kwamba kikapu kilikuwa safi. Simbilisi mzima, mnajua, hutoa kinyesi kama mashine ya kumenya kahawa. Huyu hakuwa ametoa hata punje tangu afike. Mnyama wa aina hii tumbo likisimama, naye hasimami tena.

Akilini nilimwona Athumani peke yake kwenye mteremko, amenyamaza, na kiti cha mbele kitupu.

Nyuma ya pazia mama alipapasa tumbo la mgonjwa. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Kapanya, huko barabarani walikuwa wanakulisha nini?"

Nikaruka kutoka kwenye kigoda. Kanuni ya Mzee Mwashilindi, na mfuko wa karatasi upo stoo sijaufungua! Niliuleta, nikaumwaga kizingitini. Vikatoka andazi kavu, vipande vya mkate, karanga za kukaanga, na sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Sukari hiyo enzi zile, dukani mlipokuwa na foleni ya sukari isiyokuwepo, ilikuwa ishara ya mapenzi makubwa. Lakini jani hata moja halikuwemo.

Mkono wa mama ulitoka chini ya pazia, ukachukua andazi, ukaligonga kwenye kizingiti. Lilitoa sauti ya tofali.

"Aka!" alisema. "Kapanya, huyo mwenyewe alidhani wewe ni dereva?"

Nilimweleza Utingo, ili mama asikie, jambo nililolisoma katika kitabu kimoja cha afya ya binadamu: kwamba mabaharia wa zamani waliokaa majini wakila biskuti tupu walivimba fizi na kuumwa viungo, na walipopewa matunda mabichi na majani walipona. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Utingo kwamba yeye baharini hajafika, lakini simbilisi akikosa majani atakufa, na huyo baba aache hadithi akachume mapera.

Nilikwenda kuchuma mapera. Mama alizunguka nyuma ya nyumba, mimi nikiwa nimepiga kona ya mbele ili tusionane, akakusanya mchunga, majani mabichi ya mahindi na majani ya viazi. Alitwanga majani kwenye kinu, akakamua maji yake ya kijani. Mimi nikaponda mapera na kuchuja mbegu kwa leso. Tukachanganya na uji. Bomba liliziba, nikalizibua, likaziba tena, nikalipuliza, na mapera yakapita chini ya pazia kwa kasi.

Mikono ya mama iliacha kikapu, ikapanda kupangusa uso.

"Kapanya," sauti ilisema, "mwambie huyo baba kwamba mimi siumwi."

Tulimlisha kidogo kidogo kutwa nzima. Mama alimkanda tumbo kwa kidole gumba, akizungusha. Katikati ya kukanda akaanza kumsimulia Utingo mambo. Kwamba posa yangu ilipofika Ibaba, yeye aliikataa. Kwamba alisema binti yake msomi hataolewa na mtu anayenuka dawa ya kupe. Kwamba baba yake Sekela ndiye aliyesema tumpe, labda atanawa.

Nilikaa na bomba mkononi. "Utingo," niliuliza, "na sasa mama huyo anaonaje?"

"Kapanya, mwambie bado ananuka. Na tangu ahamie stoo amezidi." Akaendelea kukanda. "Lakini mwambie pia, mtu anayepiga magoti mavumbini kwa ajili ya panya wa mwenzake, binti yangu akiumwa hatamwacha."

Nilijidai nazibua bomba.

Siku iliyofuata nilikuwa joshoni, ng'ombe waliobaki wa kijiji wamepanga mstari, wenye ng'ombe wamepanga mstari wao, na mwenyekiti wa kijiji yupo kwa sababu kulikuwa na mgeni kutoka wilayani. Mgeni huyo alikuwa anaeleza umuhimu wa kuogesha mifugo. Ndipo tulipomwona mama mkwe wangu akija mbio kutoka upande wa nyumba, kitambaa cha kichwa kimeanguka, kikapu amekishika juu kwa mikono miwili. Alipita ng'ombe, akapita wenye ng'ombe, akampita mgeni, akasimama mbele yangu, akanitazama usoni na kunipigia kelele:

"Baba Mifugo! Amekunya!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mama mkwe wangu aliniambia ana kwa ana.

Nami, vijana, nilisahau kila kitu. "Nyingi?" niliuliza, nikamtazama machoni.

"Tele!"

Tuliinamia kikapu wote wawili, vichwa vikigusana. Punje zilikuwa nzuri, nyeusi, nzima, umbo la maharage madogo. Katikati yake Utingo alikuwa ameketi anatafuna jani la mahindi, akapandisha kichwa akasema wii! Mgeni wa wilaya aliuliza kama hilo nalo limo kwenye ratiba. Mwenyekiti akamjibu kwamba ni utafiti.

Hapo ndipo mama alipotambua amesimama wapi na anamtazama nani. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, akageuka, akarudi nyumbani nusu ya njia akipapasa na nusu akikimbia. Mimi nilitazama dawa ya josho kwa muda mrefu sana.

Athumani alirudi mwishoni mwa juma, siku moja na Sekela. Alizima lori mbali, akaja kwa miguu amevua kofia, akasimama uani bila kubisha hodi. Hakutaka kuuliza. Akaanza kusema pole kwa usumbufu, na kwamba kila nafsi ina siku yake, na kwamba nazi Tanga zina bei nzuri, na kabla hajamaliza akanyamaza kidogo.

Wii! ikasikika jikoni. Wii! wii!

Mtu mzima yule alikaa chini uani na suruali yake safi, akaanza kuimba.

Nilimkabidhi Utingo pamoja na masharti: majani kila siku, tunda kila siku, andazi marufuku. Mama, kwa kupitia Sekela, aliongeza furushi la mchunga la kutosha kufika Dodoma. Baada ya hapo lori lile lilitambulika barabara nzima kwa majani yaliyoning'inia dirishani, na Athumani alisimama kwetu kila safari kuonyesha kinyesi.

Mila ilikuwa imevunjwa mbele ya kijiji na wilaya, na wazee wa Ibaba walikaa kuijadili. Waliuliza ni neno gani lililosemwa. Walipoambiwa, kikao kiliahirishwa kwa sababu mzee mmoja alipaliwa na kicheko. Mwishowe tuliamriwa kila mmoja atoe kuku, kuku wakaliwa, na heshima ikarudi mahali pake. Mimi na mama hatujatazamana tena wala kusemeshana. Lakini kikapu nilikitunza, na kila alipotutembelea Sekela alikiweka kizingitini, kitupu, na mazungumzo yakaendelea. Sekela mwenyewe alilalamika kwamba siku hizo ameondolewa kazi ya mtu wa tatu.

Basi kama kuna mtakalochukua kwangu: fungeni uzi kwenye kipimajoto, na mfungue mfuko wa chakula kabla ya chupa ya dawa.

Mlinipa saa ya ukutani siku ile, nawashukuru, inatembea. Mama hakuweza kuja, magoti yake sasa ndiyo yanayolia. Alimtuma mjukuu na kikapu kipya, na ndani yake simbilisi jike, mnono, amelala kwenye majani mabichi. Mjukuu alifundishwa asiseme neno kwangu, amweleze simbilisi tu. Alisimama mbele ya wageni wote, akainamia kikapu, akasema kwa sauti safi:

"Bibi anasema, mwambie huyo baba kazi imekwisha. Sasa anaweza kuoga."